Mboga za Aliye Mbali

Ihanja,
28 Aprili 1974

Mdogo wangu Gaspari,

Nakusalimu, na Mama anakusalimu mara mbili. Mara ya pili anauliza kama huko Nduguti kuna mtu anayekupa maziwa. Sisi tupo, tunapumua. Mvua ya mwaka huu imedokoa tu, na mtama umetoka mfupi mpaka ndege wanaula wakiwa wamesimama chini.

Sababu ya barua hii ni kwamba jana balozi wetu Simeoni alipita nyumba kwa nyumba. Anasema sisi wote wa huku bondeni tuhamie kijiji kipya kule barabarani, na mwisho ni tarehe kumi na mbili Mei. Kabla hujaanza kunihubiria, soma vizuri: hatukatai kuhama. Tunaomba siku. Juu ya paa bapa la tembe letu sasa hivi hakuna pa kuweka mguu. Nimechuma majani ya kunde, ya maboga, mlenda na mgagani, yote niliyoyaona, maana nafaka ya mwaka huu ni ya kuchekesha, na mboga ndizo zitakazotuvusha. Nilichemsha na kuanika, kisha ile mvua ya Jumanne ikazikuta zimelala wazi. Mama anasema zitataka wiki mbili za jua. Unamjua mwenyewe, anavunja jani karibu na sikio, na lisipolia anasema bado.

Hicho kijiji kipya nimekwenda kukitazama. Nyumba ni za nyasi na paa limechongoka kama kofia ya askofu. Sijui mboga tutaanika wapi, labda kichwani.

Wewe ni Katibu Tarafa, bwana mkubwa. Mwandikie Simeoni karatasi moja yenye muhuri, atupe hizo wiki mbili. Simeoni anaogopa muhuri kuliko chui.

Halafu kilindo chako, lile kasha la gome, bado kipo chini ya kitanda cha Mama. Zile mboga za mwaka jana, kunde na mlenda, Mama alizokuwekea, ukaahidi Krismasi ukatutupa, bado zimo humo ndani, mdomo umekandikwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Wajua desturi yake: fungu la aliye mbali haliliwi na waliopo. Basi njoo ule, kitanda cha Mama kimeanza kunukia kunde.

Dada yako,
Anastazia


Nduguti,
6 Mei 1974

Dada Anastazia,

Shikamoo, na Mama nampigia magoti. Maziwa napata, mwambie asihangaike.

Barua yako nimeisoma na nimeielewa, lakini Dada, unaniomba jambo gumu. Hapa Nduguti mimi ndiye ninayewahamisha watu. Nikiwaombea wa kwetu wiki mbili, kesho nitamwambia nini mtu wa hapa ambaye naye mama yake ana mboga juu ya tembe? Kila Ijumaa napeleka ripoti wilayani: wamehama wangapi, wamebaki wangapi. Wakubwa hawaulizi habari za mlenda. Na watu wana macho. Watasema Katibu anasukuma mama za wenzake huku mama yake amekaa bondeni anageuza majani.

Kwa hiyo nakuomba, na kama mdogo anaweza kumwamuru mkubwa wake basi nakuamuru: hameni mapema, msingoje tarehe kumi na mbili. Watoto wa marehemu Antipasi tuwe wa kwanza. Mboga zitieni kwenye magunia mwende nazo, zitamalizia kukauka huko huko. Na chakula kikipungua serikali itagawa. Hatuhami ili tufe, tunahama ili tuishi pamoja.

Ama kilindo changu, nilipofika hapo nilicheka peke yangu ofisini mpaka karani akachungulia. Mwambie Mama kisiguswe na mtu yeyote mpaka nije nikifungue kwa mkono wangu. Saba Saba nitakuwa hapo.

Uhuru na Kazi.
Mdogo wako,
Gaspari


Ihanja, kijiji kipya,
2 Juni 1974

Gaspari,

Tulikuwa wa kwanza kama ulivyotaka. Simeoni ametutaja mkutanoni na watu wakapiga makofi, mimi nikaangalia miguu yangu.

Lori lilichukua vyombo na mawe ya kusagia. Vijana waling'oa nguzo za tembe ili tuje kujengea huku, na walipong'oa ile ya katikati paa likashuka lote kwa mara moja. Mama alisimama akitazama. Hakulia. Aliuliza tu kama nimeshakuandikia kwamba tumehama. Kilindo chako alikataa kisipande lori. Alikibeba kichwani kwa miguu, maili nne, na anakaribia miaka sabini, na mimi nyuma yake nikimbembeleza mpaka nikachoka.

Mboga nilizisokomeza magunia matatu zikiwa na unyevu. Hapa naanika kwenye mkeka chini. Kuku wanakuja, mbuzi wanakuja, na kila lori likipita barabarani vumbi lote linalala juu ya mkeka wangu. Natoa asubuhi naingiza jioni.

Barua yako nilimsomea Mama. Pale pa kilindo alitaka nirudie mara tatu. Alifurahi sana, nisikufiche. Sasa akilala mkono wake mmoja unaning'inia chini ya kitanda umekigusa.

Njoo hiyo Saba Saba.

Dada yako,
Anastazia


Nduguti,
20 Juni 1974

Dada,

Shikamoo. Pokea pongezi zangu. Habari za kuhama kwenu zimefika mpaka wilayani, na kwenye kikao bwana mmoja mkubwa alisimama akasema, "Mfano ni Katibu wa Nduguti, ambaye mama yake mzazi ameongoza." Nilitamani Mama angekuwepo asikie.

Sasa kwa sababu hiyo hiyo nimepewa kusimamia sherehe za Saba Saba hapa, gwaride, ngoma na maonyesho ya mazao. Sitaweza kuja. Nitakuja Septemba, kazi ikitulia. Nampa dereva Anselm sukari kilo moja na kitenge cha Mama.

Mboga mtazizoea kuzianika huko. Kila jambo jipya lina tabu mwanzoni.

Mdogo wako,
Gaspari


Ihanja,
11 Agosti 1974

Gaspari mdogo wangu,

Sukari tumeipata na kitenge tumekipata. Mama amekikunja, anasema atakivaa siku ukija.

Wanasema akiba haiozi. Njoo unuse magunia yangu. Yote matatu yamefanya ukungu, mboga zimekuwa nyeusi na zinashikana mkononi. Nilizimwaga shimoni. Kesho yake nikamkuta Mama ameziokota nyingine anaziosha, tukagombana, nikazimwaga tena.

Chakula cha serikali kimefika, ni unga wa mahindi ya njano. Siusemi vibaya, bila huo tungekuwa tumekwisha. Ila mboga mbichi hakuna hata ya dawa, ardhi yote imekauka, na mimi nimechoka kula ugali kwa maji ya chumvi. Nakuomba jambo dogo. Njoo ufungue kilindo chako. Na kama hutapata nafasi, niandikie neno moja tu, "Kifunguliwe", nami nitamsomea Mama.

Mama anasema nikuandikie kwamba hajambo kabisa na usiwe na wasiwasi. Nimeandika.

Dada yako,
Anastazia


Nduguti,
3 Septemba 1974

Dada Anastazia,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha tena. Tangu utotoni mkono wako unawasha kwenye fungu langu! Unakumbuka karanga za Baba? Sasa umekuwa mtu mzima na bado unaninyemelea mboga.

Hapana Dada, hicho sikuachii. Mwambie Mama asikusikilize. Mwambie mwanawe anakiota kilindo hicho usiku na mchana, na chakula cha hapa hakina ladha ya mkono wake, na Desemba atakuja akimalize chote peke yake. Septemba haiwezekani, tunaanza vijiji vya upande wa mashariki.

Nyinyi vumilieni. Nchi nzima inavumilia.

Namshukuru Mungu kwamba Mama hajambo.

Gaspari


Ihanja,
19 Oktoba 1974

Gaspari,

Mama hawezi. Njoo. Barua hii nampa Anselm akuwekee mkononi.

Anastazia


Nduguti,
24 Novemba 1974

Dada,

Shikamoo.

Anselm hakunikuta. Aliiacha barua mezani kwangu, nami nilikuwa vijijini, nikarudi tarehe mbili mwezi huu. Siku kumi na mbili imelala pale chini ya mafaili. Nimekuwa nikizihesabu hizo siku tangu nilipotoka hapo. Nilipofika Ihanja kaburi lilikuwa na siku nne na udongo wake ulishabadilika rangi.

Hukunisemesha, Dada. Uliniwekea maji ya kunawa, ukaniwekea chakula, ukaondoka. Nilikuwa na njaa ya safari ya siku mbili. Nilikula ugali na zile mboga, na nikaomba nyingine, na ukaniongezea. Zilikuwa tamu, hata karanga hazikuwemo lakini zilikuwa tamu. Nililala nikidhani mmoja wa majirani amezileta kwa ajili ya matanga.

Asubuhi Simeoni alinisindikiza barabarani. Ndipo akaniambia, kwa masikitiko, si kwa ubaya, kwamba bibi mzee amekufa kwa kudhoofu huku amelalia chakula. Nikamuuliza chakula gani. Akaniambia, kile kilindo tulichokifungua siku ya mazishi.

Tangu hapo nimekasirika, na nataka nikwambie wazi ili isije ikaota mizizi. Wewe ulikuwa ndani ya nyumba. Ulimwona anakonda. Chakula kilikuwa pale, hatua mbili kutoka jikoni. Ulikuwa unangoja nini? Na mimi uliniandikia kwamba hajambo. Ninayo barua yako hapa, ni mwandiko wako. Kwa nini, Dada?

Gaspari


Ihanja,
8 Desemba 1974

Gaspari,

Umeuliza, basi kaa uisome mpaka mwisho.

Mama hana meno tangu mwaka sitini na tisa. Wewe hukulitia maanani kwa sababu kila ulipokuja palikuwa na mlenda. Bila kitu cha kuteleza ugali haushuki kwake. Anautafuna, anauzungusha, anaugeuza mdomoni, mwisho anautema mkononi na kumtupia kuku mimi nikigeuka. Nilikoroga uji. Uji wa unga ule ulimwendesha tumbo, akauacha. Tangu Julai alikuwa anaishi kwa vijiko viwili vitatu kwa siku.

Nilimwambia, Mama, tufungue kilindo. Akasema si chetu. Nikamwambia, Gaspari akijua atasema tufungue. Akasema, basi na aseme. Akanikataza nisikuandikie hali yake. Alisema una watu wengi wa kuwaangalia, ukisikia mama yako hamezi kitu utaacha kazi ya watu uje, na watu watakusema vibaya. Aliniapisha. Ndipo nikaandika ile ya Agosti, nikajifanya ni njaa yangu mimi. Niliona nimekuwa mjanja. Nilidhani utaandika neno moja.

Barua yako ilipokuja ilikuwa asubuhi, Mama ameketi mlangoni kwenye jua. Aliona bahasha akasema soma. Ningeweza kusoma vingine, Gaspari. Yeye hajui herufi hata moja. Ningeweza kumwambia, "Mwanao anasema Mama fungua, ule, unenepe." Hakuna ambaye angejua mpaka leo. Lakini nilikuwa nimekasirika. Maneno yale ya mkono unaowasha yalinichoma, nikasema haya, na asikie alichoandika mwanawe. Nikasoma yote kama yalivyo. Mwanawe anakiota usiku na mchana, atakuja akimalize chote peke yake.

Alicheka. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Umeona? Wewe ulitaka tukile." Na siku ile ile akaniambia nilete kinyesi kibichi cha ng'ombe apake upya mdomo wa kilindo, kwa sababu ulikuwa umepata ufa. Alipaka mwenyewe, kwa vidole vyake.

Ningeweza pia kukifungua kwa nguvu. Ni mwanamke mzee, angenifanya nini? Angelia siku moja kisha angekula. Hilo ndilo ninaloamka nalo. Na la tatu, ningeweza kukuandikia Septemba kweli tupu. Sikuandika. Nilitaka uje bila kuitwa. Nilikuwa nakusubiri ujiulize mwenyewe, hivi Mama anakula nini kule? Nilikusubiri mpaka tarehe kumi na tisa Oktoba, na hapo alikuwa hashiki tena kikombe.

Mwishoni kabisa nilichota kwa siri. Usiku wa mwisho wake nilikata kando ya mdomo, nikachukua konzi moja, nikapika laini kama maji, nikamwekea mdomoni. Aliijua ladha. Alifumba midomo akageuza uso ukutani. Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hili.

Siku ya mazishi watu walikuwa wengi na sikuwa na kitoweo. Nikakifungua. Mboga zilikuwa kavu safi, hata moja haikuwa na ukungu. Nilivunja jani sikioni likalia. Watu walikula wakasifu, nikakuwekea fungu lako. Ulipoomba tena nilikuongezea kwa sababu lilikuwa lako.

Umeniuliza kwa nini. Ni wewe na ni mimi, na kidogo ni yeye mwenyewe, Mungu amrehemu. Usiniandikie kwa muda. Sikuchukii, ila nikiona mwandiko wako juu ya bahasha nasikia sauti yangu nikimsomea Mama.

Anastazia


Nduguti,
17 Mei 1975

Dada Anastazia,

Shikamoo.

Nimekaa kimya miezi mitano kama ulivyotaka. Nilijaribu kuandika Pasaka nikachana. Sina la kujitetea katika barua yako. Niliisoma, nikaenda kuketi kwenye gari la ofisi mpaka jioni, na dereva akawaambia watu nina homa. Mimi nilimwua Mama kwa mzaha, Dada. Najua utasema tuligawana. Fungu kubwa ni langu, na hili usininyang'anye.

Nakuandikia leo kwa sababu ya jambo moja ambalo siwezi kumwambia mtu mwingine.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu ya kitongoji kimoja huku mashariki, nyumba thelathini na moja. Nilifika asubuhi na malori mawili. Matembe yote yalikuwa yamefunikwa mboga, kunde na majani ya maboga, kutoka ukuta hadi ukuta. Mvua za mwaka huu zilikuwa nzuri. Mama mmoja mtu mzima alikuwa juu ya paa, Marietha jina lake, akavunja jani karibu na sikio lake, akanitazama, akasema kwa Kiswahili cha kubabaisha, "Bado, mwanangu."

Dada, niliwageukia madereva. Nikawaambia wageuze magari. Nikawaambia wale watu wana wiki mbili, zile zile ulizoniomba wewe, waanike mpaka wamalize, na wakihama wachukue nguzo zao waweke huko kijijini vichanja vya kuanikia, kila nyumba na chake. Nilivichora mwenyewe chini kwa kijiti.

Kisha nikarudi ofisini kungoja kuitwa. Ripoti ya Ijumaa niliandika kweli tupu: nyumba thelathini na moja, waliohama hakuna, sababu mboga hazijakauka. Ijumaa ya pili nikaandika hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilipanga majibu yangu kama mtu anayekwenda kortini, nikafunga na sanduku langu la nguo kabisa, maana nilijua kazi imekwisha. Nilikuwa radhi. Nilikuwa karibu nifurahi.

Wiki mbili zikapita. Watu walihama Jumatatu, na mboga zao kavu, wakiimba.

Jana bwana mkubwa wa wilaya alikuja. Alikagua mafaili yote, ripoti moja moja, na zile mbili akazisoma mbele yangu, nikiwa nimesimama. Akaweka sahihi yake chini ya kila moja. Akaomba chai. Akazungumza habari za mvua, akapanda gari akaondoka.

Hakuniuliza kitu, Dada. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Mdogo wako,
Gaspari